Kitambaa Kwanza: Kubuni Nguo za Kupumzikia Nyumbani kwa Mtindo wa Miaka ya 1930

Wabunifu wengi wanaotaka kutoa koleksheni ya nguo za nyumbani zenye sura ya zamani huanza kwa kuchora. Wanajaza daftari magauni na majoho, kisha wanaingia dukani kutafuta kitambaa kinachofanana na mchoro. Wakikikosa wanaishia kununua satini ya polyesta, kwa sababu inang'aa kama ile ya kwenye picha za zamani. Nguo hiyo ikivaliwa Tanga au Mombasa mwezi wa Februari, mvaaji anaivua ndani ya nusu saa. Mwongozo huu unakwenda kwa njia nyingine: kitambaa kinatengenezwa na kujaribiwa kwanza, kwa mkono, kwa vipande vidogo, na nguo inachorwa baadaye kwa kufuata kile ambacho kitambaa kimethibitisha kwamba kinakiweza.

Koleksheni tunayoilenga ni ndogo: nguo sita, vitambaa vitatu, rangi nne. Utahitaji cherehani moja, pasi, jiko, sufuria mbili za lita 20 ambazo hazitapikiwa chakula tena, mizani inayosoma hadi gramu moja, glavu za mpira na daftari. Sufuria ziwe za chuma kisichoshika kutu au za enameli isiyobanduka. Chuma cha kawaida na aluminiamu iliyochakaa hubadilisha rangi bila wewe kujua, na majaribio yako yote yatakuwa ya uongo.

Hatua ya 1: Shika kipindi kimoja

"Ya zamani" si mtindo mmoja. Joho la karne ya 18, pajama ya mwaka 1932 na gauni la kulalia la nailoni la miaka ya 1960 haviwezi kukaa kwenye reli moja bila kugombana. Sisi tunapendekeza miaka ya 1925 hadi 1939, kwa sababu hapo ndipo pajama ilipotoka chumbani ikaanza kuonekana na wageni. Mbunifu Paul Poiret wa Paris alikuwa tayari anawashawishi wanawake wavae suruali za pajama mnamo 1911. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920, suruali hizo pana zilivaliwa mchana kweupe kwenye fukwe za Lido huko Venice na Juan-les-Pins kusini mwa Ufaransa. Mbunifu mwenzake, Madeleine Vionnet, naye alikata magauni kwa mshazari, kitambaa kikaufuata mwili bila dati wala zipu.

Angalia picha za nguo halisi za kipindi hicho, hasa zile za makumbusho zinazoonyesha mishono kwa karibu, kisha andika sifa tatu tu utakazozichukua. Zetu ni hizi: kiuno kinachokaa pale kiuno cha mwili kilipo, suruali inayonyooka kutoka kwenye nyonga hadi chini, na mshono unaoachwa uonekane kama pambo. Ukichukua sifa saba utakuwa umeshona mavazi ya maigizo.

Mwambao wetu una historia yake ya kitambaa cha nyumbani, na inaingia hapa bila kulazimishwa. Merikani, ile kaliko isiyopaushwa, iliingia Zanzibar kutoka viwanda vya Massachusetts, biashara ikakua baada ya mkataba wa 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani. Ilipotiwa rangi ya nili iliyokolea ikawa kaniki. Kanga nayo imekuwa nguo ya kupumzikia kabla mtu yeyote hajaiita hivyo. Tutaitumia merikani kama kitambaa cha msingi na kaniki kama rejea ya rangi moja nzito kati ya rangi nne. Hatuhitaji zaidi ya hapo, na hatushauri kushona pindo la kanga kwenye kila kola ili nguo ionekane ya Kiswahili.

Hatua ya 2: Nunua kitambaa cha msingi na ukipime

Nunua mita mbili mbili tu za majaribio: merikani au kaliko nyepesi, popelini ya pamba tupu, na voili ya pamba au reyoni laini. Reyoni ni ya kipindi chenyewe. Miaka ya 1920 na 1930 iliuzwa kama hariri ya bandia na ndiyo iliyowawezesha wanawake wa kipato cha kawaida kuvaa gauni linaloteleza.

Usimwamini muuzaji anaposema "hii ni pamba". Chomoa nyuzi chache na uzichome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba na reyoni hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Polyesta huyeyuka na kuacha kipunje cheusi kigumu. Mchanganyiko hufanya vyote viwili, na huo ukatae, maana polyesta iliyomo haitashika rangi za mimea na kitambaa kitatoka na rangi iliyofifia kama vumbi.

Kisha pima uzito. Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10, upime, zidisha kwa 100: hizo ndizo gramu kwa mita ya mraba. Kipande kimoja ni chepesi mno kwa mizani ya gramu moja, kwa hiyo kata kumi, pima pamoja, zidisha kwa 10. Gauni la ndani linataka gramu 80 hadi 100, pajama 110 hadi 130, joho 140 hadi 160. Popelini ya gramu 180 inafaa sare za shule. Mtu hawezi kuilalia.

Mwisho, chora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwenye kila kitambaa kwa uzi wa rangi, ufue kwa maji ya moto, ukauke, upime tena pande zote mbili. Merikani mpya hunywea kwa urefu kuliko kwa upana, na asilimia 5 ni jambo la kawaida. Andika namba hiyo. Utaihitaji unapokokotoa mita.

Hatua ya 3: Ondoa wanga na mafuta

Hapa ndipo kazi nyingi za rangi zinapoharibika, na ndipo watu wanapopaharakisha. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani na nta ya asili ya pamba. Maji yakidondokea juu yake yakakaa kama shanga bila kuzama, rangi nayo itakaa juu vivyo hivyo.

Kwa kila gramu 500 za kitambaa kikavu, weka lita 15 za maji, gramu 10 za soda ashi na kijiko kimoja cha sabuni ya maji isiyo na rangi. Chemsha taratibu kwa saa moja na nusu, ukigeuza kila dakika kumi. Maji yatageuka rangi ya chai hata kama kitambaa kilionekana cheupe. Mwaga, suuza, na yakiwa bado meusi rudia. Magadi ya dukani yanaweza kushika nafasi ya soda ashi, lakini yana nguvu ndogo na udongo ndani yake: ongeza kipimo mara mbili, yayeyushe kando, uyachuje kwa kitambaa kabla ya kuyamimina.

Jaribio la kujua umemaliza: dondosha tone la maji kwenye kitambaa kikavu. Likizama papo hapo, endelea.

Hatua ya 4: Kifunge kitambaa kwa tanini na shabu

Pamba haishiki rangi za mimea yenyewe. Inahitaji tanini kwanza, yaani ile dutu ya ukakasi iliyomo kwenye maganda na magome ya mimea, kisha shabu. Huko ndiko kukifunga kitambaa, ili rangi ikishike. Vipimo vyote kuanzia sasa ni asilimia ya uzito wa kitambaa kikavu, kwa hiyo pima kabla ya kulowesha.

Tanini rahisi kupatikana ni maganda ya komamanga yaliyokaushwa na kupondwa: asilimia 20. Kwa gramu 500 za kitambaa ni gramu 100 za maganda. Yachemshe dakika 45, chuja, ingiza kitambaa kikiwa kimelowa, kikae kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa saa mbili. Kamua bila kusuuza sana. Kitakuwa cha manjano hafifu ya siagi. Rangi hiyo peke yake inapendeza, hasa kwa gauni la ndani. Magome ya mikoko yana tanini nyingi kuliko komamanga na hutoa wekundu wa matofali, ila ukataji wa mikoko una sheria zake na kuubandua mti ulio hai ni kuuua. Tumia magome ya nguzo zilizokwisha kukatwa kwa kibali au usitumie kabisa.

Kisha shabu: asilimia 15, yaani gramu 75 kwa gramu 500 za kitambaa, iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto. Pembeni yeyusha soda ashi asilimia 2, gramu 10, na uimimine kidogo kidogo ndani ya maji ya shabu. Itatoa povu, ndiyo maana chombo kisijae. Povu likitulia ongeza maji ya vuguvugu hadi kitambaa kielee bila kubanana, kiache saa mbili au usiku kucha. Kikaushe kivulini. Kitambaa kilichofungwa hivi kinaweza kusubiri wiki kadhaa kabla ya kutiwa rangi.

Hatua ya 5: Majaribio ya rangi

Kata vipande vya sentimita 20 kwa 20 kutoka kila kitambaa kilichofungwa. Kila kipande kikatwe alama pembeni, kata moja, mbili, tatu na kadhalika, maana wino na karatasi havivumilii sufuria. Daftarini andika namba, kitambaa, uzito, kipimo cha rangi, muda na kiasi cha moto. Bandika nusu ya kipande hapo, nusu nyingine ibaki kwa majaribio ya hatua ya 8.

Vyanzo vinne vinatosha, na vyote vinapatikana sokoni.

Maganda makavu ya vitunguu maji, asilimia 60 hadi 100, hutoa dhahabu inayoelekea kwenye kahawia. Chemsha maganda saa moja, chuja, kisha kitambaa kwa dakika 45. Maganda ya vitunguu vyekundu yakichanganywa na ya vitunguu vya njano hutia weusi kidogo ndani ya dhahabu, na hilo linaleta sura ya zamani kuliko dhahabu safi.

Komamanga tena, safari hii asilimia 50 juu ya kitambaa kilichokwisha kupata shabu, hutoa haradali tulivu inayovumilia jua.

Majani ya chai, asilimia 30, hutoa rangi ya mchanga. Hii ndiyo inayogeuza weupe wa dukani kuwa weupe wa pembe, ule unaoonekana kwenye nguo za miaka ya 1930 zilizotunzwa.

Chuma ndicho kinachobadilisha vyote vitatu. Salfeti ya chuma asilimia 1 tu, gramu 5 kwa gramu 500 za kitambaa, katika maji ya vuguvugu, kwa dakika tano hadi kumi baada ya rangi. Dhahabu inakuwa zaituni, haradali inakuwa kijani cha moshi, mchanga unakuwa kijivu. Usizidishe asilimia 2. Chuma kingi hula nyuzi, na madhara hayaonekani leo: yanaonekana baada ya mwaka, nguo inapochanika kwenye makalio na viwiko. Suuza mara tatu.

Bizari ya manjano iache kabisa, hata kama wengine wanaisifu. Rangi yake ni nzuri siku ya kwanza, hufifia kwenye jua ndani ya siku chache, na ikigusana na sabuni ya mche inageuka wekundu wa kutu. Nguo ya nyumbani hufuliwa kila wiki.

Kwa rangi moja nzito, ile ya kaniki, andaa nili kwa uwiano wa 1, 2, 3: gramu 50 za nili ya unga, gramu 100 za chokaa iliyozimwa, gramu 150 za sukari ya matunda (fruktosi), katika lita 10 za maji ya moto wa kama nyuzi 50. Lowesha nili kwanza na isage na maji kidogo hadi isiwe na madonge. Koroga taratibu bila kuingiza hewa. Baada ya saa moja hadi mbili juu ya maji patatokea utando wa shaba na povu la buluu, na maji yaliyo chini yataonekana ya rangi ya kaharabu. Yakiwa bado ya buluu chini, nili haijayeyuka: ongeza joto na sukari kidogo, usubiri. Zamisha kitambaa kilicholowa dakika tatu, kitoe, kiache hewani dakika kumi, kigeuke kutoka kijani kuwa buluu. Rudia mara sita hadi nane kwa weusi wa kaniki. Kuzamisha mara moja kwa muda mrefu hakuleti matokeo hayo. Rangi inakaa juu juu na kuhamia kwenye shuka. Nili haihitaji shabu, kwa hiyo tumia kitambaa cha hatua ya 3. Vaa glavu, chokaa inachoma.

Madoadoa katika rangi yoyote kati ya hizi yana sababu tatu: kitambaa kiliingia kikavu, kilibanana sufuriani, au mikunjo ilikaa juu ya maji. Kitambaa kielee kama samaki kwenye bwawa, na mkono wako usiache kukigeuza kwa dakika 15 za mwanzo, maana hapo ndipo rangi nyingi inapoingia.

Hatua ya 6: Kuchapa kwa chuma

Kabla kanga hazijaanza kuletwa zikiwa zimechapwa viwandani, palikuwa na upigaji wa mihuri ya mbao juu ya merikani huko Zanzibar, mwishoni mwa karne ya 19. Tunaurudia, ila kwa namna inayoacha kitambaa laini. Rangi za kuchapia za dukani hukaa juu ya nyuzi na kukakamaa. Kwenye nguo inayogusa kifua na shingo hilo linaudhi. Chuma juu ya tanini kinaingia ndani ya uzi wenyewe.

Chukua kitambaa kilichopata tanini tu, bila shabu. Yeyusha gramu 3 za salfeti ya chuma katika mililita 100 za maji ya moto, ongeza gundi ya mti au wanga wa muhogo uliopikwa hadi uzito uwe kama wa mtindi. Paka kwenye sifongo bapa, gusa muhuri juu ya sifongo, gonga kitambaa. Meza iwe na blanketi lililokunjwa mara mbili chini ya kitambaa, vinginevyo katikati ya muhuri hapatagusa.

Chonga muhuri wa kwanza kwenye kiazi kitamu, ujaribu ukubwa. Ukiridhika uchonge kwenye mbao. Umbo la sentimita 4 hadi 6 linafaa nguo. Makubwa zaidi hukatika kwenye mishono. Alama itatokea kijivu na kukolea kadiri hewa inavyoigusa. Iache usiku mmoja, kisha pitisha kitambaa kwenye maji ya chaki, gramu 5 kwa lita, ndipo usuuze kwa maji mengi. Ukiruka chaki, chuma kilichobaki huelea na kuchafua uwanja mweupe.

Chapa ikitawanyika kama wino kwenye karatasi mbaya, ongeza uzito wa uji au punguza unachochota. Ikikatika katika, sifongo limekauka.

Hatua ya 7: Majaribio ya mshono

Sura ya miaka ya 1930 iko kwenye mishono kuliko kwenye rangi. Shona kila kimoja kati ya hivi kwenye kipande cha sentimita 25.

Mikunjo myembamba iliyoshonwa sambamba hula kitambaa. Mkunjo wa milimita 3 unakula milimita 6, kwa hiyo mikunjo 20 inakula sentimita 12. Daima kunja kwanza, piga pasi, halafu weka paterni na ukate.

Mshono wa ngazi ndio tunaoupenda kuliko yote. Kingo mbili hukunjwa, hushikizwa kwa uzi wa muda juu ya karatasi ngumu zikiachana milimita 5, kisha sindano inavuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kila milimita 4, ikipita chini ya uzi uliotangulia ili uzi ujisokote. Tumia nyuzi mbili kati ya sita za uzi wa kutarizia. Chora mistari ya milimita 5 kwenye karatasi ili mkono usipotee. Ukimaliza kata uzi wa muda, karatasi inaanguka, na kingo zinabaki zimeshikana na nafasi kati yake, hewa inapita. Paterni ipunguzwe milimita 2.5 kila upande kufidia nafasi hiyo. Mshono huu unakwenda kwenye bega, kwenye kiungo cha kola, au juu ya pindo; usiuweke kwenye makalio wala kwapani, utakatika.

Vitundu vya kutarizi, vile vinavyoonekana kwenye kofia za Unguja na Lamu zinazoshonwa kwa mkono, vinapatana ajabu na kola nyeupe za kipindi hicho. Toboa kwa msumari laini bila kukata nyuzi, zungushia uzi kwa kubana. Anayejua kushona kofia atakifanya kwa dakika kile kinachomchukua mgeni nusu saa; mtafute na umlipe kwa kitundu.

Marinda ya mtindo wa mbunifu Mariano Fortuny wa Venice, yale membamba yasiyolingana ya gauni lake la Delphos la karibu 1907, yanawavutia wengi. Yajaribu kwa kusokota kitambaa kilicholowa na kukikausha kimefungwa, uone. Kwenye pamba yatadumu hadi ufuaji wa kwanza. Hata hariri za Fortuny zilitunzwa zimesokotwa ndani ya boksi, na zilipolowa zilirudishwa kwake kukunjwa upya. Kwa nguo ya kila siku, tunasema hapana.

Hatua ya 8: Tesa vipande

Kila kipande kipitie mambo matatu. Fua mara tano kwa sabuni ile ile ambayo mteja anaitumia nyumbani. Funika nusu kwa kadibodi, weka dirishani penye jua kwa wiki mbili, kisha linganisha. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu mara kumi. Nili itaacha buluu hafifu, na ikiacha zaidi ya hafifu rudia kusuuza au punguza muda wa kuzamisha. Kipande kinachobadilika kikawa kizuri zaidi kinabaki. Kinachochakaa kinatoka, hata kama ulikipenda.

Baada ya hapo kiweke kipande upande wa ndani wa mkono wako na ukae nacho. Kinachowasha hapo kitawasha usiku kucha.

Hatua ya 9: Sasa chora

Tandaza vipande vilivyobaki sakafuni, chagua vitambaa vitatu na rangi nne zinazokaa pamoja: tuseme weupe wa pembe, haradali, kijivu cha chuma na nili. Ndipo uamue nguo. Voili ya weupe wa pembe inakuwa gauni la ndani la mshazari na blauzi yenye mikunjo myembamba. Popelini ya haradali inakuwa suruali pana na shati la kola ya kukunja. Merikani ya nili inakuwa joho refu, na merikani iliyochapwa kwa chuma inakuwa koti fupi la kitandani. Kila ya juu ivalike na kila ya chini. Kama nguo moja inavalika na mwenzake mmoja tu, iondoe.

Hatua ya 10: Kata na kushona

Joho ndilo rahisi, lianze. Kwa nyonga zisizozidi sentimita 105, nunua mita 2.75 za merikani yenye upana wa sentimita 115. Ikinywea na kunyooshwa ibaki angalau mita 2.5 kwa upana wa sentimita 110 au zaidi. Kata vipande viwili vya mwili, kila kimoja upana wa sentimita 36 na urefu wa 248, vikipita begani bila mshono. Ubavuni panabaki ukanda mrefu. Ukiwa na upana wa sentimita 38 au zaidi, toa humo mikono miwili, kila mmoja sentimita 60 kwa upana wa ukanda, na sehemu iliyobaki ya karibu sentimita 128 igawe kwa urefu kuwa vipande vya kola. Kola inataka upana wa sentimita 12 na urefu wa jumla wa 260, kwa kuunga vipande vitatu. Mkanda wa kiuno ukate kutoka popelini ya haradali. Shona mgongo katikati hadi shingoni, kata shingo sentimita 8 kila upande na 2 tu kuteremka mgongoni, kisha teremsha mbele kwa mshazari kwa sentimita 25. Ukiichimba shingo zaidi ya hapo, joho litateleza mabegani kila mvaaji akiinama.

Suruali inataka mita 2.4. Kiuno cha mbele kiwe bapa kwa utepe wa sentimita 4, lastiki ikae nyuma tu. Kwa njia hiyo sura ya mbele inabaki ya 1932 na mvaaji anaweza kula akashiba. Mzunguko wa chini uwe sentimita 60 hadi 66 kwa kila mguu, na pindo la sentimita 6, kwani uzito wake ndio unaofanya mguu uanguke wima.

Gauni la mshazari ndilo gumu. Vionnet alijaribu mikato yake kwenye mwanasesere mdogo wa mbao kabla ya kukata nguo kamili. Fanya vivyo hivyo kwa nusu ya kipimo, kwa kitambaa cha bei rahisi. Tafuta mshazari kamili wa nyuzi 45 kwa kukunja ukingo wa kitambaa ukutane na uzi wa mkato, ule unaokwenda kwa upana. Ukikosea kidogo tu, gauni litajizungusha mwilini. Kata kipande kimoja kimoja, bila kukunja kitambaa, ukiacha sentimita 2.5 za mshono. Tumia sindano namba 70 na zigizaga finyu ya upana wa milimita 0.5 na urefu wa 2.5, ili uzi unyooke pamoja na kitambaa. Mshono wa kawaida ulionyooka utakatika au utavuta mawimbi. Shingo na makwapa yashikize kwa uzi wa muda mara tu unapokata. Baada ya kushona ubavu, litundike gauni saa 48 bila pindo. Litarefuka mahali na mahali, pengine sentimita 3, pengine 6. Ndipo umvalishe mtu, upime kutoka sakafuni kwenda juu, ukate na kukunja pindo jembamba kwa mkono.

Unapotia rangi kitambaa cha nguo kamili, kitie chote kwenye sufuria moja kwa siku moja. Joho la mita 2.75, upana wa sentimita 115, gramu 150 kwa mita ya mraba, lina karibu gramu 475, na linahitaji maji lita 15 na zaidi. Sufuria mbili zenye vipimo sawa hazitoi rangi moja, na mkono wa joho uliotofautiana na mwili wake hautengenezeki tena. Vifungo vya kufunika navyo vikatwe kutoka kitambaa cha sufuria moja, kisha weka akiba sentimita 30 za kila rangi kwa marekebisho.

Lebo ya kila nguo iseme wazi: fua kwa maji baridi na sabuni laini, peke yake mara mbili za kwanza kama ni ya nili, anika kivulini ndani ikiwa nje, pasi ya moto wa kati. Usiloweke kwenye ndimu, siki wala jiki. Tone moja la ndimu juu ya kijivu cha chuma huacha doa jeupe lisilorudi.